Upande wa Ndani wa Mlango wa Feuli

Somo letu juma hili ni Ezekieli sura ya 27. Nawaombeni mlisome lote nyumbani, kwa sauti, kwa sababu ni sura ya mbao, ya bandari na ya bidhaa, na watu wa Kariakoo na wa Feri wataielewa upesi kuliko wengi waliosomea uchungaji.

Mlango wa feuli huoza kuanzia ndani. Ukiutazama kutoka gatini unaona rangi inang'aa na bawaba zimekaa mahali pake. Ukiufungua ukaubonyeza kwa nyuma, kidole kinazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa chombo cha mzee mmoja wa usharika wetu, mvuvi tangu ujana wake, ambaye mashua yake hulala upande wa Magogoni. Katika feuli zake, vile vyumba vidogo vya kuhifadhia vitu shetrini na omoni, anaweka kamba, taa, betri, sanduku la dawa na majaketi ya kuokolea maisha. Milango yote ilikuwa imevimba. Mmoja ulikataa kufunguka mpaka baharia kijana alipoupiga teke, na ndani ya feuli hiyo ndimo majaketi yalimokuwa.

Mzee alinijia baada ya ibada. "Baba mchungaji," akasema, "wewe baba yako alikuwa seremala. Nibadilishe milango hii kwa kitu gani? Ubao, plaiwudi, faiba, bati la alminiamu, au hii plastiki ya siku hizi?" Kisha akaomba radhi kwamba ameniletea jambo la dunia. Nilimwambia asiombe radhi. Mlango unaoficha jaketi la kuokolea ni jambo la roho za watu.

Kwanza tujue kinachoua mlango. Wengi hulaumu maji ya chumvi, lakini chumvi huzizuia kuvu zinazoozesha mbao. Mafundi wa meli za mbao za Ulaya na Marekani walikuwa wakishindilia chumvi katikati ya mataruma makusudi, ili mbao zisioze. Adui mkubwa wa feuli ni mvua. Maji ya masika yanatiririka sitahani, yanapenya kwenye bawaba na kwenye matundu ya skrubu, yanatuama ndani ya chumba kisicho na hata tundu moja la hewa. Kisha jua letu, jua la mji ulio chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa ikweta, linaipasha sitaha moto. Unyevu unapanda, unagota nyuma ya mlango, unakaa hapo. Ubao ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 hauozi, kwa kuwa kuvu hazipati maji ya kuotea. Huu wa mzee wetu haukupata kukauka. Upande wa nje ulipakwa rangi kila chombo kilipopandishwa pwani, mkono juu ya mkono. Upande wa ndani haukuwahi kuonja brashi.

Wazee wa pwani hii walilijua hilo kabla ya rangi za makopo kufika. Walipaka sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu isiyosahaulika, wakaupaka ubao pande zote, na chini ya chombo wakapaka deheni ya chokaa na shahamu. Hawakuwa na sababu ya kuupendelea upande unaoonekana, maana hawakupaka kwa ajili ya kutazamwa.

Sasa turudi kwa Ezekieli. Nabii anautazama mji wa Tiro, mji wa bandari na wa soko, na anauona kuwa merikebu. Anaitaja miti yake mmoja mmoja: misonobari ya Seniri kwa mbao za ubavuni, mwerezi wa Lebanoni kwa mlingoti, mialoni ya Bashani kwa makasia. Tanga ni kitani cha Misri. Hata wazee wa Gebali, mafundi wa kuziba nyufa, wanatajwa kwa heshima; nami kila nikifika hapo nawakumbuka mafundi wetu wa kalafati wakisokomeza pamba kwa patasi na nyundo. Halafu inakuja orodha ya soko: fedha, chuma, bati na risasi kutoka Tarshishi, ngano na asali na mafuta kutoka Yuda, farasi, pembe, manukato, nguo za rangi. Kisha upepo wa mashariki unavuma, na merikebu ile inavunjika katikati ya bahari pamoja na mizigo, mabaharia na wafanyabiashara wake.

Angalieni jambo moja. Nabii hasemi neno baya juu ya mbao. Mbao zilikuwa bora kuliko zote. Ni katika sura ya 28 ndipo anapofichua penye kuoza: kiburi cha moyo, na udhalimu katika biashara yenyewe. Tiro ilinunua mti mzuri kwa ajili ya nje, na ndani ya soko lake kukaoza.

Nilisoma hayo tena usiku wa kuamkia siku tuliyokwenda Kariakoo na mzee wetu. Tulianzia mitaa ya Gerezani, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kabla hatujavuka barabara winga mmoja, dalali wa mtaani, alikwisha kutushika mkono: "Mzee, nini unatafuta? Kila kitu kipo." Akatupeleka dukani, na kijana wa dukani akatuonyesha ubao wa kahawia iliyokolea, unaong'aa pande zote mbili, futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18. "Hii ni marini, mchungaji. Haiogopi maji."

Ubao huo wengi wenu mnaufahamu. Ndio ule mafundi ujenzi wanaoupanga na kuumwagia zege la slabu. Ule mng'aro ni utando wa kuzuia zege lisigande juu yake, na ubao wenyewe umetengenezwa utumike mara kadhaa, uchakae, utupwe. Kwa kazi hiyo ni mzuri. Lakini ukiutazama ubavuni, pale msumeno ulipopita, mara nyingi utaona mianya kati ya tabaka, vipande vya mti laini visivyokutana, na sehemu ambazo gundi haikufika. Plaiwudi iliyotengenezwa kwa ajili ya chombo ni kitu kingine. Kipo kiwango cha Uingereza kiitwacho BS 1088, kinachotaka tabaka za ndani ziwe za mti mzuri kama zile za juu, ziungane bila mianya, na gundi yake ivumilie kuchemshwa. Tofauti yote imo ndani, mahali ambapo mnunuzi aliyesimama mtaani hawezi kuona.

Yule kijana hakutudanganya kwa makusudi. Aliuziwa kwa jina hilo, anauza kwa jina hilo. Lakini hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, wapendwa, hasa ninyi mnaofungua maduka Jumatatu asubuhi. Torati inapokataza kuwa na mawe mawili ya mizani mfukoni, zito na jepesi, inalinda haki ya mtu asiye na mizani yake mwenyewe. Mnunuzi wa ubao hana macho ya kuona ndani ya ubao. Anayaazima macho yako. Ukimwambia "sijui kama unafaa chomboni, mimi nauza wa zege," umempoteza mteja mmoja siku hiyo, na huenda umeokoa mtu ambaye hutamwona maisha yako yote.

Kuna njia ya kujua, na ni rahisi. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kianike juani mpaka kikauke, kichemshe tena. Tabaka zikiachana, hiyo si ya chombo, hata kama imepigwa mhuri wa namna gani. Duka moja lilikubali kutupa kipande. Mengine yalikataa, nasi tukashukuru tukapita.

Mbao nzima je? Mvule ndio uliopendwa na waunda vyombo wa pwani yetu, na haukupendwa bure: una mafuta yake, haupindi ovyo, wadudu hawaupendi. Siku hizi mvule mzuri umekuwa adimu na ghali, na misitu tuliyoukata haijarudi. Mninga ni mzuri kwa kabati la sebuleni. Mkongo ni mgumu na unadumu, ila mlango wake utamchosha anayeufungua kila siku. Mimi, kama mwenye chombo ana uwezo, ningemwelekeza kwenye mtiki. Mti huo uliletwa nchini na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na leo unapandwa na kuvunwa katika mashamba ya serikali kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Unaponunua mtiki wa shambani unanunua mti uliopandwa ili ukatwe. Seremala atalalamika kwamba unamlia meno ya msumeno, na ana haki, kwa sababu una chembe za mchanga ndani yake. Lipeni hela yake ya kunoa.

Plastiki ngumu, ile ya jamii ya mapipa ya bluu, ina sifa ambayo mti wowote ungeitamani: haiozi. Ukiitupa baharini inaelea. Lakini jua likiwaka inatanuka, na mlango uliokatwa asubuhi ukaingia sawasawa utabana saa nane mchana, ndiyo maana lazima uachiwe nafasi pembeni. Gundi haiishiki, rangi haikai. Inataka kufungwa kwa bolti na washa pana. Kwa wanaodhani plastiki si kitu cha kuundia chombo, nawakumbusha Lamu. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha baharini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara chakavu zipatazo 30,000. Januari 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na katikati ya mwaka huohuo Tanzania ikapiga marufuku mifuko ya plastiki. Lililonigusa mimi ni kwamba taka waliyoitupa watu, ikaziba mifereji na kuua kasa, ilipita kwenye mikono ya fundi mwenye subira ikawa mkuku na mataruma. Siku moja nitahubiri juu ya hilo peke yake.

Alminiamu nitaipitia haraka. Ni nyepesi, haiozi. Ikigusana na shaba au chuma mahali penye maji ya chumvi, inaliwa yenyewe. Anayeitaka atenganishe metali kwa mpira, na asinunue mabati membamba ya mabango.

Mzee wetu ana mashua ya kawaida na kipato cha kawaida. Tulichomchagulia ni plaiwudi iliyovumilia kuchemshwa, ivikwe faiba na resini. Hapo fundi wa kwanza tuliyemwendea akasema atavika nje tu, ndani atapiga rangi mkono mmoja, kwa kuwa "ndani hakuna anayeangalia." Nilimwomba atusikilize. Ubao uliozibwa upande mmoja hauishii kuoza, unapinda pia. Upande uliofungwa haubadiliki, upande ulio wazi unakunywa unyevu na kutanuka, basi mlango unakunjamana na kuacha upenyo pale hasa ulipotakiwa kukaza. Na kingo ni mbaya zaidi, maana vinyweleo vya mti vimekatwa hapo na vinafyonza maji. Kingo zivikwe mara mbili. Kila tundu la skrubu lijazwe resini kwanza, kisha litobolewe upya katikati ya resini iliyokauka, ili skrubu isiuguse mti mtupu.

Ndugu zangu, agizo hilo si la fundi wa kisasa. Katika Mwanzo 6 Nuhu anapewa aina ya mti, anapewa vipimo, anaambiwa mlango ukae ubavuni mwa safina, na anaagizwa azipake lami pande zote mbili, wa nje na wa ndani. Nimelisoma agizo hilo tangu nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili nikidhani ni nyongeza tu. Mungu hakusema nje inatosha kwa kuwa majirani watapita kutazama. Aliwafikiria waliomo ndani.

Nasi tunapaka nje. Tunavaa vizuri Jumapili, tunaimba kwa sauti nne, tunatoa ahadi za ujenzi mbele ya watu. Kuna vyumba ndani yetu ambavyo havijafunguliwa tangu msiba fulani, tangu deni fulani, tangu neno fulani alilolisema mume au mama mkwe. Tumevifunga tukidhani tumeviweka salama, na unyevu umo humo humo. Siwaombi mvifungue mbele ya usharika mzima. Feuli haihitaji kuwa wazi wakati wote, inahitaji tundu dogo la hewa, mtu mmoja wa kusema naye kweli. Mlango wangu mimi uko wazi kila alasiri, na yeyote atakayekuja hataulizwa alichelewa wapi.

Narudi kwenye jambo la jirani, yule mtu ambaye muuzaji hatamwona, kwa kuwa halijaniacha. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba ile. Ni sheria ya vifaa vya ujenzi, imewekwa katikati ya sheria za Mungu, na sioni mahali inaposema kwamba imefutwa. Anayechagua ubao hukaa nchi kavu. Anayekwenda nao baharini usiku, kusi ikivuma, mara nyingi ni kijana asiye na chombo wala hisa, anayelipwa fungu la samaki. Yeye hakuulizwa. Hakwenda Gerezani kuchagua.

Tunakumbuka 18 Julai 2012, MV Skagit ilipotoka bandari hii hii ya Dar es Salaam kwenda Zanzibar ikazama karibu na Chumbe. Tunakumbuka Jumamosi ya 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo na kuwafukia watu waliokuwa kazini na wanunuzi waliokuja mara moja tu. Sisemi habari ya chanzo, hiyo ni kazi ya waliotumwa kuchunguza. Nasema kwamba waliokufa hawakuwa wamechagua chuma wala mbao za pale walipofia. Mbali huko katika Bahari ya Baltiki, usiku wa 28 Septemba 1994, mawimbi yalivunja makomeo ya mlango wa mbele wa meli Estonia, na watu 852 wakapotea. Makomeo. Kitu ambacho abiria hata hajui jina lake.

Ndiyo maana nilimkatalia mzee bawaba za bei ya chini, japokuwa alinung'unika. Zile zilizopakwa rangi ya fedha juu ya chuma sumaku inazinasa mara moja; ukiona hivyo ziache. Lakini sumaku haitakusaidia kutofautisha stenlesi ya 304 na ile ya 316, ambayo imeongezwa molibdenamu ili ivumilie chumvi, kwa hiyo hapo unarudi tena kwa uaminifu wa muuzaji. Tulimpata mmoja, Mwislamu mtu mzima mwenye duka dogo, aliyesema wazi: "Hizi ninazo za 304. Za baharini sina, nendeni mtaa wa pili." Hakupata hata shilingi yetu. Nilimshukuru kwa moyo, nikamwombea baraka palepale, naye akaitikia amina.

Na mlango wa majaketi tulikubaliana usiwekewe kufuli. TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, wanaposisitiza vifaa vya kuokolea viwe karibu na mkono, wanasema jambo ambalo kila mama mwenye mtoto baharini angelisema kwa sauti kubwa zaidi. Uwe na komeo la kugeuza ambalo mtoto wa miaka 10 anaweza kulifungua gizani, mikono ikiwa imelowa. Mzee alihofia wezi. Tukaamua vitu vya thamani vihamie feuli nyingine, ile ndiyo ifungwe kwa kufuli, na majaketi yakae kwenye mlango unaotii.

Kazi itaanza juma lijalo, kabla vuli haijachanganya. Mafundi seremala wa usharika, na mabinti wawili wanaojifunza ufundi wa faiba, wamejitolea kusaidia, na mzee atalipa vifaa na chakula cha mchana. Wenye vyombo vingine, wavuvi, hata ninyi mnaofanya makabati ya jikoni na milango ya vyoo, njooni Jumapili baada ya ibada ya pili na vipande vya plaiwudi kutoka maduka mnayonunua. Andikeni nyuma kwa kalamu bei na unene, msiandike jina la duka. Akina mama wa jikoni wametuachia masufuria mawili makubwa na mkaa upo. Tutavichemsha vyote pamoja, tutavianika ukutani upande wa jua, na Jumapili inayofuata tutavirudisha majini tena. Wauzaji mnaokaa nasi kwenye viti hivi, leteni na vyenu.